Kamera kubwa ya 4x5: sikio la modo linatoka kali, macho yana ukungu. Nakosea wapi?

jicho_la_mwambao (Bagamoyo)

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie maana nimebakiwa na shiti kumi na moja tu za filamu na kazi ya watu iko mbele yangu.

Mwanzoni mwa mwaka nilinunua kamera ya 4x5 (inatumia filamu ya inchi 4 kwa 5), ile ya mbao ya kukunja yenye mvukuto, kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ikaja na lenzi ya milimita 210 f/5.6, holda sita za kuwekea filamu, kitambaa cheusi na boksi zima la filamu ya HP5, ya nyeusi na nyeupe, la shiti 25. Dijito nimepiga miaka sita, harusi, kicheni pati, mamodo wa mafundi nguo, kwa hiyo kumweka mtu kwenye mwanga najua. Ila hii kamera kwa watu imenigomea. Kwa majengo haina mpinzani, nimepiga mlango mmoja wa nakshi huku Mji Mkongwe, ukiiangalia ile negativu kwa lenzi ya kukuzia unaona mpaka vumbi lililolala kwenye mikunjo ya maua, kuna sehemu wadudu wameanza kula fremu na unaona tundu moja moja. Siku ile nilikaa chini nikasema hiki ndo chombo changu. Basi mlango huohuo nikimsimamisha binadamu mbele yake, kazi imeharibika.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna fundi nguo, tumekua mtaa mmoja ni kama dada yangu, anafungua duka mwezi ujao na ameshona magauni manane ya kanga, anataka picha nane kubwa za kutundika ukutani. Hataki dijito. Anataka zifanane na picha ya bibi yake iliyopigwa studio zamani, bibi amekaa kwenye kiti, buibui limeshuka mabegani, mkono mmoja uko juu ya meza ndogo yenye maua ya plastiki, na yale macho ukitembea chumbani yanakufuata. Modo ni binti anayesoma ngoma, mwili wake anaujua, kwenye dijito hajawahi kuniangusha hata siku moja.

Nimeshatumia shiti 14. Mbili niliziunguza mwenyewe kwa kuvuta slaidi, kile kifuniko cha holda, lenzi ikiwa bado wazi, hilo nimeshajifunza. Kati ya 12 zilizobaki, tisa zina ugonjwa mmoja: macho ukungu, sikio kali. Kali mpaka unahesabu shanga za hereni. Nafokasi jicho la karibu, naangalia na lenzi ya kukuzia juu ya kioo cha nyuma ya kamera, jicho liko safi kabisa, natoka kwenye kitambaa, nafunga lenzi, naweka holda, navuta slaidi, namwambia tayari, nafyatua. Nikisafisha nakuta ukungu. Nikadhani anatikisika, nikapandisha shata mpaka 1/250 na lenzi nikaifungua yote f/5.6 ili mwanga utoshe, ndo ikazidi kuwa mbaya.

Pili uso unatoka giza. Binti ni mweusi wa kung'aa, mzuri sana, nyuma yake kuna ukuta wa chokaa. Ukuta unatoka safi, kanga inatoka safi mpaka maandishi yanasomeka, uso unabaki kama kivuli. Mwanga napima kwa programu ya simu nikiwa nimesimama hapo kwenye kamera.

Tatu, na hili ndo linaniuma zaidi, sura yake inakuwa ya picha ya pasipoti. Binti mchangamfu, anacheka muda wote, ila nikitoka kwenye kitambaa nakuta mtu mwingine kasimama pale, kakauka.

Je ni lenzi mbovu, ni mimi, au hizi kamera si za kupigia watu? Mwenye uzoefu anisaidie, fundi ananitegemea na sitaki kumpelekea kitu cha hovyo.

---

sensa_ndogo

Mkuu kwa deadilaini ya mwezi mmoja mimi ningepiga dijito, unageuza blakendwaiti, unaprinti kubwa, mteja anafurahi. Hiyo kamera jifunzie taratibu pembeni bila presha ya kazi ya mtu.

---

binti_barabara_ya_nane (Tanga)

Mimi si mpiga picha jamani, mimi ndo yule anayesimama mbele. Nimeshapigwa na kamera ya namna hiyo mara mbili hapa Tanga, mara ya kwanza Raskazone na mara ya pili uani kwa mtu Chumbageni, kwa hiyo nakuambia kinachotokea upande wetu maana naona unakiona cha upande wako tu.

Yule wa kwanza aliniambia simama hapo usitikisike, akaingia kwenye kitambaa akapotea. Dakika tano nzima sioni uso wa mtu, naona nguo nyeusi na jicho la kioo linaniangalia. Hasemi kitu. Sijui kama napendeza, sijui kama kanga imekaa vibaya, sijui kama amemaliza. Jua linanipiga utosini. Mtu ukisimama wima bila kushika chochote mwili unayumba tu wenyewe, hata uwe mcheza ngoma, tena mguu ukiwa kwenye mchanga ndo kabisa. Afu anatoka anasema tayari! Sasa mwenzangu, modo akiambiwa tayari anafanya nini? Anavuta pumzi na kusogeza kidevu mbele. Hivyo ndo tumefundishwa na nyie wenyewe wa dijito, kidevu mbele ili shingo itoke na uso usiwe mnene. Hizo ni sentimita tano au zaidi, na wewe ulishamaliza kufokasi. Ndo ugonjwa wako huo, sina shaka.

Yule wa pili alinifanya tofauti kabisa. Kabla ya kunipiga aliniingiza mimi kwenye kitambaa, akamsimamisha mdogo wangu mahali pangu. Nikamuona mdogo wangu yuko kichwa chini miguu juu, kulia kumekuwa kushoto, mwanga unachezacheza kwenye kioo kama maji kwenye sinia. Akamwambia asogee mbele kidogo tu, nikaona macho yake yanayeyuka na nywele za nyuma ndo zinakuwa kali. Hakuna mtu aliyenieleza tena kitu baada ya hapo, nilielewa mwenyewe kwa nini natakiwa nitulie. Na muda wote akiwa ndani alikuwa ananisemesha, sasa naangalia mkono wako, sasa naangalia jicho, bado kidogo mama, pumzika. Akishaweka holda yake alitoka akasimama pembeni ya kamera, tukawa tunaangaliana macho kwa macho, tunaongea, na katikati ya maongezi nikasikia tik. Hakuniambia tayari hata mara moja.

Ile picha mama yangu ameiweka sebuleni mpaka leo.

Na kitu kingine, macho yakikaa wazi kusubiri yanakauka na kutoa machozi. Mwambie ayafumbe wakati unahangaika na holda, ukiwa tayari kabisa ndo ayafumbue taratibu. Mpe na maji jamani, na mahali pa kukaa.

---

mzee_wa_mvukuto (Chumbageni, Tanga)

Assalaam alaykum. Huyo binti wa barabara ya nane amemaliza nusu ya kazi, mimi nitaongeza yaliyobaki.

Mwanangu wa Bagamoyo, isome negativu yako kabla ya kuilaumu lenzi. Mtu akitikisika wakati shata iko wazi, kila kitu chake kinapigwa mswaki, jicho, sikio, hereni, vyote kwa pamoja. Wewe sikio lako ni kali. Maana yake hakutikisika, alisogea mbele ulipokwisha kufokasi. Mahali ulipofokasi hapakuondoka, pamebaki palepale hewani, yeye ndiye aliyepita na sikio likaja kukaa pale jicho lilipokuwa. Ingekuwa pua ndiyo kali na macho yana ukungu, ningesema amerudi nyuma.

Sasa angalia hesabu. Lenzi ya 210, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, ukifungua f/5.6, eneo lote linalotoka kali ni kama sentimita sita. Jichoni mpaka sikioni ni kama kumi. Ukifunga mpaka f/11 unapata kama kumi na moja, f/16 kama kumi na sita. Ulipopandisha shata mpaka 1/250 na kufungua lenzi yote, ulitibu maradhi ambayo hayapo na yaliyopo ukayazidishia. Shuka 1/60 au 1/30, funga f/11 au f/16. Mtu aliyekaa na kuegemea anatulia 1/30 bila taabu.

Nimesema kuegemea, na hapa nataka urudi ukaiangalie tena ile picha ya bibi yake fundi. Kile kiti na ile meza yenye maua havikuwekwa kwa ajili ya pambo peke yake. Kiti kimemshika mgongo, meza imemshika mkono, na mwili ulioshikwa sehemu mbili hauendi mbele wala nyuma. Enzi za mwanzo kabisa za upigaji picha, mabamba ya picha yalipokuwa yanataka sekunde nyingi, walikuwa na chuma chenye miguu kinachowekwa nyuma ya kisogo ili kichwa kitulie. Baadaye zikaja filamu nyepesi kushika mwanga, chuma kikaondoka, kiti na meza vikabaki. Nilikulia kwenye studio, nilianza kwa kubeba ndoo za maji nikiwa mtoto, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kumtafutia mteja mahali pa kuweka mkono. Mkono ukipata mahali, uso unatulia wenyewe.

Basi huyo binti usimsimamishe katikati ya barabara. Mkalishe barazani, au asimame bega likigusa fremu ya mlango. Milango mnayo huko, tena mizuri.

Halafu kuna uzi. Funga uzi kwenye ubao unaoshika lenzi. Ukishafokasi jicho, uvute mpaka chini ya jicho lile, kwenye mfupa wa shavu, piga fundo hapo. Unarudi, unafunga lenzi, unaweka holda, unavuta slaidi, kisha unamrudishia uzi shavuni. Fundo likigusa, yuko mahali pake. Likilegea amesogea mbele, lisipofika amerudi nyuma. Unautoa, unafyatua. Ni dawa ya shilingi hamsini na inaishinda lenzi ya bei mbaya.

Kabla ya hayo yote tumia shiti moja kuipima kamera yenyewe, maana umeinunua mkononi mwa mtu. Panga chupa tano za soda mezani kwa mshazari, fokasi ya katikati, lenzi wazi f/5.6, piga. Ikitoka kali ya katikati, kamera ni nzima. Ikitoka kali ya nyuma yake au ya mbele, kioo hakikai sawa na filamu, na mara nyingi ni mtu alikifungua kukisafisha akakirudisha kinyume. Upande uliokwaruzwa, ule usiong'aa, ndio unaotakiwa kutazama lenzi.

Na kuhusu giza la uso, sehemu yake ni mvukuto. Ukimsogelea mtu unauvuta, na ukiuvuta mwanga unapungua njiani. Kwa lenzi yako mita moja na nusu unafika sentimita ishirini na nne hivi, hapo unadaiwa karibu nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuzidi au kupungua mara mbili). Ukisogea mpaka ukafika thelathini unadaiwa stopu nzima. Mita ya mwanga ya simu haijui habari hizo.

Nimalizie kwa mtu mmoja ninayemheshimu sana, Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake 1948, kamera ya sentimita 13 kwa 18 ambayo ni kubwa kuliko yako, alikuwa anapigia uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake lenye nakshi. Filamu ilikuwa ghali, mtu mmoja kwa kawaida alimpiga mara moja tu. Mara moja! Zitazame picha zake uone mikono imewekwa wapi.

---

fundi_wa_dakirumu (Unguja)

Shikamoo mzee. Nimesoma yote, mimi nazungumzia uso giza maana hili linawaumiza vijana wengi na wanaishia kusema filamu haipendi watu weusi.

Kaka wa Bagamoyo, mita yako imedanganywa na ukuta wa chokaa. Ukisimama kwenye kamera ukapima, simu inaona ukuta mweupe, kanga nyeupe, na uso kidogo katikati. Inasema mwanga ni mwingi, unapunguza, uso unazama. Peleka simu usoni kwake, karibu kabisa, ijaze shavu la upande wa mwanga bila kulifunika kwa kivuli chako, soma hapo. Mita kazi yake ni kukifanya kila kinachopimwa kiwe kijivu cha kati. Ukipiga kama ilivyosema, shavu lake litatoka jepesi kidogo kuliko lilivyo ila kila kitu kimo ndani, utalishusha kwenye kuprinti. Ukitaka rangi yake kamili toka mwanzo punguza stopu moja, zaidi ya hapo hapana. Ansel Adams na mwenzake Fred Archer walitengeneza mpango wa kanda za mwanga karibu 1940, kutoka nyeusi kabisa mpaka nyeupe kabisa, ya 5 ndo kijivu cha kati, na ngozi ya kizungu inayopigwa na mwanga wanaiweka kanda ya 6. Sisi tunakaa ya 5 au ya 4. Mtu akifuata ile 6 bila kufikiri anampausha mtu, na akiiachia simu iamue mbele ya ukuta mweupe anampoteza kabisa. Mimi binafsi HP5 naihesabu ISO 200 badala ya 400, vivuli vinakaa vizuri zaidi.

Alafu elewa ngozi nyeusi inavyopata umbo. Haipati kwa kivuli, inapata kwa mng'ao. Paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mfupa wa bega, hapo mwanga ukigusa ndo unaona uso una milima na mabonde. Kwa hiyo unataka chanzo cha mwanga kipana, na Bagamoyo mnacho bure, bahari iko mashariki. Alasiri jua limekwenda bara, baraza zinazotazama bahari ziko kivulini, na mbele yake kuna anga lote la bahari linamulika kama dirisha moja kubwa. Saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja hivi hapo ndo studio yako. Shuka jeupe upande mmoja, mafuta ya nazi kidogo sana kwenye mifupa ya shavu, basi. Usimpake poda ya kukausha, unamuua.

Kuhusu kusimama pembeni ya kamera, dada amesema kweli tupu. Richard Avedon, kati ya 1979 na 1984 alipokuwa anawapiga watu wa magharibi ya Marekani kwa kamera ya inchi 8 kwa 10, aliwaweka kivulini mbele ya karatasi nyeupe na yeye akawa anasimama kando ya lenzi, wanaangaliana. Kamera ikishafungwa na holda kuingia huoni tena kitu ndani ya kitambaa, sasa unajificha humo kwa ajili ya nini?

Ninapopishana na mzee kidogo ni f/16. Kwa picha ya uso mimi nakaa f/8 au f/11, napenda sikio lilainike. Lakini kwa magauni fundi atataka mshono uonekane, hapo mzee yuko sahihi.

Filamu ya mazoezi: tafuta filamu za eksrei kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, hospitali nyingi zimehamia kompyuta ila bado unaweza kupata. Zile za inchi 8 kwa 10 unakata nne, na kila kipande punguza milimita moja au mbili ukingoni la sivyo hakiingii kwenye holda. Unafanya kazi kwenye taa nyekundu, ni raha kujifunzia. Ila zina mambo mawili. Zina dawa pande zote mbili zinakwaruzika ukizigusa tu, kwa hiyo trei ya chini laini na kipande kimoja kimoja. Na hazioni rangi nyekundu, kwa hiyo ngozi yetu inatoka nyeusi zaidi kuliko ilivyo na midomo inakolea. Ianze kama ISO 50 hivi ujaribu. Kwa mazoezi ya fokasi na kutulia ni dawa, picha za mteja piga HP5.

Maji unasafishia ya joto gani?

---

jicho_la_mwambao

Yani nimesoma nimetulia kimya. Ile ya kidevu mbele... mimi ndo niliyemfundisha huyu binti kusogeza kidevu, kwenye dijito, miaka miwili iliyopita. Na kila mara namwambia tayari.

Mzee shikamoo, nimeenda kwa fundi kuiangalia tena picha ya bibi. Mkono uko mezani kweli, na bega limegusa mgongo wa kiti, nimeitazama picha ile mara mia sikuwahi kuliona hilo.

Maji natumia ya bomba, sijawahi kupima. Dawa ya kusafishia ni ID-11, nachanganya sehemu moja dawa sehemu moja maji, dakika 13 kama ilivyoandikwa. Na holda najazia kwenye mfuko mweusi mchana, mikono inatoka jasho mpaka filamu inanata vidoleni, hilo nalo nifanyeje?

---

fundi_wa_dakirumu (Unguja)

Hizo dakika 13 ni za nyuzi 20. Maji ya bomba pwani yanafika 28 na zaidi, kwa hiyo unapika kupita kiasi, ndo maana chokaa na kanga zinatoka ngumu hazina ulaini. Nenda soko la samaki chukua barafu, au gandisha chupa za maji, weka kwenye beseni, chupa za dawa zikae humo mpaka zishuke. Ukishindwa 20 baki kwenye 24 na upunguze muda, kama dakika tisa. Dawa zote na maji ya kusuuzia yawe joto moja, usitoe filamu kwenye baridi ukaitumbukiza kwenye moto. Nunua kipimajoto, usikisie kwa kidole.

Mfuko wa mchana achana nao. Jaza usiku bafuni, taa zote zimezimwa, kanga imezibwa chini ya mlango, umeoga, umekausha mikono, umekaa kwanza nusu saa mwili upoe. Vile vikato vya ukingoni vikiwa juu kona ya kulia na shiti umeisimamisha wima, upande wenye dawa unakutazama wewe. Slaidi upande mweupe nje maana yake haijapigwa, ukishapiga rudisha mweusi nje.

---

binti_barabara_ya_nane (Tanga)

Mzee mimi uzi usoni ulinikera jamani, alinigusa karibu na jicho nikashtuka. Kaka muombe kwanza, muoneshe uzi, mpe aushike mwenyewe aulete shavuni. Akiuleta mwenyewe hashtuki.

Na makubaliano yaandikeni, picha zitatundikwa dukani watu watamuona. Ajue zinakwenda wapi, alipwe, na apate printi yake.

---

mzee_wa_mvukuto (Chumbageni, Tanga)

Umesema vema binti. Ashike mwenyewe.

---

jicho_la_mwambao

MREJESHO, wiki mbili baadaye.

Chupa za soda: ya katikati kali, kamera nzima. Shiti hiyo sikuitoa kwenye HP5, nilipata filamu za eksrei, nikakata vipande, kumi na viwili vikafaa. Vinne nimefanyia mazoezi na mdogo wangu wa kiume barazani mpaka mkono ukazoea mpangilio.

Juzi saa kumi alasiri nikamwita binti, akaja na mama yake. Kwanza nikamwingiza kwenye kitambaa, nikamweka mama yake kwenye kiti. Alikaa mle ndani muda mrefu, nikamsikia anasema mama usiondoke, mama tulia, mama umekuwa kama umechorwa. Alipotoka hakuniuliza kitu, akaenda akakaa.

Meza sikuweka ya maua. Fundi alileta cherehani ya bibi yake, ile nyeusi ya mkono, tukaiweka kwenye stuli, binti akaweka mkono juu ya gurudumu. Bega kwenye fremu ya mlango, gauni la kanga ya kisutu limemwagika mpaka kwenye ngazi. Uzi ni uzi wa kushonea mwekundu, fundo nilipiga mbele yake, akaushika akauleta shavuni mwenyewe, mara ya kwanza fundo likalegea sentimita tatu hivi, akajirudisha taratibu mpaka ukanyooka. Macho kafumba. Nikavuta slaidi, nikasimama pembeni, mama yake akawa ananiuliza hii kamera kazi yake kweli ni picha moja moja hivyo? Nikaanza kumjibu, binti akafumbua macho akanitazama anasubiri nitasema nini, nikafyatua hapohapo. Sikusema tayari.

Shavu lilisoma 1/60 f/11 kwa ISO 200. Nikashuka 1/30, nikaweka katikati ya f/11 na f/16 kwa ajili ya deni la mvukuto. Shiti mbili za HP5 tu. Barafu ya samaki, nyuzi 22, dakika 11.

Zote mbili kali. Nimeiangalia ya kwanza kwenye lenzi ya kukuzia mpaka usiku. Unaona kope moja moja, unaona uzi wa mshono kwenye kola, unaona mafuta ya nazi yanavyoshika mwanga juu ya shavu. Na ndani ya mboni, kadoa kadogo kama punje ya ulezi, kuna mstari wa bahari, kuna miguu mitatu ya stendi, na pembeni yake kuna mtu kasimama, ni mimi. Fundi aliiona negativu tu, bado haijaprintiwa, akaibeba dirishani akakaa nayo. Akasema anamkumbuka bibi.

Shiti tisa zimebaki, magauni saba.

---

mzee_wa_mvukuto (Chumbageni, Tanga)

Tisa kwa saba zinatosha, usiongeze haraka. Hizo mbili zimekauka? Usiziguse wala kuzipitisha kwenye skana mpaka zilale usiku mzima, na feni izime, vumbi likishanata kwenye filamu mbichi halitoki tena.

---

jicho_la_mwambao

Nimezitundika bafuni mzee, kwa vibanio vya nguo. Feni nimezima, mlango nimefunga, nimewaambia wote nyumbani leo tunaoga kwa jirani.